Kondoo, Ayala na Mafuta: Jinsi Jukwaa la Uskoti Linavyosema Siasa

Tuanze na kosa ambalo Kiswahili chenyewe kimetusaidia kulikosea. Tukisema "Uingereza" tunamaanisha vitu viwili kwa mpigo: ile nchi ya London na Manchester, na lile dola zima lenye nchi nne ndani yake. Ndiyo maana Mskoti akishuka Mombasa tunamwita Mwingereza, anakataa, nasi tunacheka tukidhani anafanya mzaha. Hafanyi mzaha. Nchi yake ina bunge, mahakama, timu ya taifa ya soka, hata noti za benki zenye sura yake. Kilichounganishwa mwaka 1707 ni mabunge (hili la sasa lilirudishwa baadaye). Watu walibaki walivyokuwa.

Ukishakoroga hapo, yanayofuata yote yanakorogeka. Mtu anaona mtandaoni kipande cha tamthilia ya Kiskoti: mwanamume kavaa sketi ya miraba, pembeni fidla inalia, mama mmoja anaimba kwa lugha isiyofanana na Kiingereza hata kidogo, kisha anatokea jamaa mwenye kofia ya Texas akizungumzia mafuta. Mmoja atasema hiyo ni ngoma ya watalii. Mwingine atasema ni kampeni ya kujitenga na London. Wote wawili wamekosa. Ili kuona wamekosa wapi, inabidi tupitie lugha, kisha ardhi, ndipo tuingie ukumbini.

Kigaeli si Kiingereza kibovu

Uskoti ina lugha tatu zinazosikika. Kuna Kiingereza, kinachosemwa na karibu kila mtu. Kuna Kiskoti, ndugu wa Kiingereza waliotoka tumbo moja, kama Kingazija na Kiswahili: ukisikiliza kwa makini utaokota mengi. Halafu kuna Kigaeli, ambacho ni cha ukoo mwingine kabisa, jamaa wa Kiireland. Mtu wa London akimsikia Mgaeli haambulii kitu, sawasawa na Mswahili wa Tanga anavyomsikiliza Mmasai akizungumza na mwenzake.

Wala Kigaeli si lugha ya kila Mskoti. Katika sensa ya 2022, waliosema wanakijua kwa kiasi fulani walikuwa kama 130,000, yaani asilimia 2.5 ya watu. Maskani yake kwa karne za karibuni ni visiwa vya magharibi na Nyanda za Juu, ile Uskoti ya milima na mabonde marefu. Mtu wa Edinburgh anaweza kuishi hadi uzee asijue hata salamu ya Kigaeli.

Hakikupungua kwa bahati mbaya. Sheria ya elimu ya 1872 ilijenga shule kila mahali bila kukipa nafasi, na zipo simulizi za kijiti kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao. Wenyewe wanakiita *maide-crochaidh*, kijiti cha kutundika. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa diski shuleni kwa sababu ya Kikamba au Kijaluo hahitaji maelezo zaidi. Ni mwaka 2025 tu ambapo bunge la Edinburgh lilipitisha sheria ya kukitambua Kigaeli na Kiskoti kuwa lugha rasmi.

Basi Kigaeli kinaposikika jukwaani, sikio lisikichukulie kama wimbo wa kupamba. Kabla hata maana ya maneno haijafika, kuna mtu ukumbini anaelewa na kuna mtu haelewi. Mwelekezaji mjanja anaujua mstari huo na anautumia.

Viti vya harusini

Neno jingine la kunyoosha: tamthilia ya siasa. Si lazima awemo waziri au mbunge. Ni tamthilia inayouliza nani anamiliki nini, alikipataje, na nani alilipa gharama. Na mara nyingi jibu halimo kwenye maneno ya mwigizaji, limo kwenye mpangilio wa jukwaa.

Fikiria harusi. Kabla mshehereshaji hajashika maikrofoni, viti vimeshasema. Nani yuko mbele penye makochi, nani amewekwa nyuma karibu na jenereta, nani anakula kwanza. Ukifika umechelewa unaweza kusoma undugu, pesa na ugomvi wote wa ukoo kwa kuangalia tu watu walipoketi. Jukwaa nalo ni hivyo hivyo. Mahali palipochaguliwa, mlango wa kuingilia, umbali kati ya mwigizaji na mtazamaji, lugha isiyotafsiriwa, vyote ni hoja.

Ardhi kwanza

Mwaka 1746, kwenye uwanda wa Culloden karibu na Inverness, jeshi la serikali lilivunja uasi wa wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart, na wengi wa walioanguka walikuwa watu wa Nyanda za Juu. Sheria ikapiga marufuku mavazi yao: mwanamume au mvulana kuvaa sketi ya miraba likawa kosa, hadi 1782 ilipofutwa. Waliosamehewa ni askari wa mfalme. Shika hilo mkononi, tutalirudia.

Zamani mkuu wa ukoo alihesabu utajiri wake kwa wanaume aliokuwa anaweza kuwaita vitani. Baada ya Culloden hesabu ikawa ya pauni, na kondoo wa aina ya Cheviot, aliyepewa jina la vilima vya mpakani mwa Uskoti na Uingereza, alileta kodi nono kuliko familia mia za wakulima wa shayiri na viazi. Watu wakaanza kuondolewa mabondeni. Wagaeli wanaita kipindi hicho *Fuadaichean*, kufukuzwa.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha Sutherland, kaskazini kabisa. Ardhi ilikuwa ya Elizabeth, Countess wa Sutherland (Countess ni cheo cha kikabaila cha mwanamke), na mumewe tajiri. Nyapara wao alikuwa Patrick Sellar. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, nyumba zilivunjwa na mapaa yakachomwa ili wenyewe wasirudi. Sellar alishtakiwa Inverness mwaka 1816, pamoja na mambo mengine kwa kifo cha bibi kizee aliyetolewa nyumba ikiwaka. Aliachiwa huru. Waliofukuzwa walisukumwa pwani wakajifunze kuvua samaki wasiowajua, au wakapanda meli kwenda Kanada.

Hapa kuna uzushi wa kuuvunja mapema, kwa kuwa unasikika sana: kwamba hii ni habari ya Waingereza kuwaonea Waskoti. Sellar alikuwa Mskoti wa Moray. Countess alikuwa Mskoti, mrithi wa ukoo ule ule aliouhamisha. Wakuu wengi wa koo waliofukuza watu wao walizaliwa nyumba zilizojaa nyimbo za Kigaeli. Mume wa Countess ndiye aliyekuwa Mwingereza, na naye alikuwa mmoja kati ya wengi. Mpaka uliokata ulipita kati ya mwenye hati na asiye na hati.

Kitabu kikubwa juu ya gari

Sasa tuingie ukumbini. Mwaka 1973 kikundi kilichojiita 7:84 kilianza kuzunguka Nyanda za Juu na tamthilia iitwayo *The Cheviot, the Stag and the Black, Black Oil*. Kwa Kiswahili ningesema: Kondoo wa Cheviot, Ayala Dume na Mafuta Meusi Tititi. (Ayala ni yule yule wa Zaburi ya 42, aioneaye shauku mito ya maji. Wengi humwita kulungu, lakini kulungu ni wa kwetu.) Jina la kikundi lilikuwa hoja tayari: takwimu iliyochapishwa miaka ya 1960 kwamba asilimia 7 ya watu wa Uingereza walimiliki asilimia 84 ya mali. Mwandishi, John McGrath, alizaliwa Birkenhead, upande wa England, na hilo nalo liwe dawa kwa wanaodhani tamthilia hii ni kelele za chuki ya kikabila.

Hawakwenda kwenye majumba ya maonyesho yenye mapazia mekundu. Walikwenda kumbi za vijiji, zile ambazo Jumamosi huwa na harusi na Jumanne mkutano wa wafugaji. Mapambo yao yalikuwa kitabu kimoja kikubwa mno, kazi ya mchoraji John Byrne, kilichosafirishwa juu ya paa la gari. Unajua vile vitabu vya watoto ambavyo ukifungua ukurasa nyumba inasimama au simba anainuka? Ndicho hicho, ila kirefu kuliko mtu. Ukurasa ukifunguliwa, milima inasimama. Ukifunguliwa mwingine, mandhari inageuka.

Unaweza kusema walitumia kitabu kwa sababu hawakuwa na pesa wala lori. Kweli. Lakini tazama kinachofanya: Nyanda za Juu zinaonekana kama picha ya karatasi, kama kadi ya posta, kitu ambacho mtu mwingine amekichora na anaweza kukikunja akaondoka nacho. Sidhani kuna mapambo ya gharama yangesema hivyo vizuri zaidi.

Muundo wa onyesho ulikuwa wa *cèilidh*. Neno hili hutamkwa karibu na "keili", na maana yake ya asili ni kutembeleana. Jioni watu wanakusanyika nyumbani kwa mtu. Mmoja anasimulia, mwingine anaimba, wa tatu ana fidla, anayeweza kutania anatania, na usiku ukikua wanacheza. Chukua baraza la jioni, uongeze ngoma kidogo, umekaribia. Kwa hiyo waliofika ukumbini walikuta fidla inalia na waigizaji wanaonekana waziwazi, wanabadilishana kofia na vyeo bila kujificha nyuma ya pazia. Huyu sasa hivi ni nyapara, dakika mbili baadaye anapiga gitaa. Katikati ya vichekesho mmoja anasimama kusoma ushuhuda wa kihistoria, tarehe na idadi, kwa sauti kavu. Onyesho likiisha viti vinasukumwa pembeni na dansi linaanza.

Watu huuliza: sasa vichekesho na mauaji vinakaaje pamoja? Waliowahi kukaa msibani wanajua. Usiku wa pili wa matanga mtu hutoa kisa cha marehemu, watu wanacheka hadi machozi, na dakika inayofuata machozi ni ya kweli. Sellar na bosi wake James Loch katika tamthilia hii wanaimba kwa furaha wakipanga kuhamisha watu. Unacheka, halafu unasikia kilichotokea Strathnaver, na kicheko kinakukwama kooni.

Milima yangu, milima yetu

Mfano mmoja wa alama nauona bora kuliko yote. Mwanzoni watazamaji wanaalikwa kuimba pamoja wimbo maarufu unaosema hii ni milima yangu, hili ni bonde langu. Ukumbi mzima unaimba, wanajisikia nyumbani. Baadaye anatokea Malkia Victoria na wimbo ule ule, sauti ile ile, ila neno moja limebadilika: milima *yetu*. Kwa Kiswahili "yetu" ni neno la ukarimu, linamkaribisha aliye karibu. Yetu ya Victoria haiwajumuishi walioketi pale. Na wao dakika chache nyuma walikuwa wanauimba kwa mapenzi.

Kwa nini Victoria? Kwa sababu kondoo hawakuwa mwisho. Bei ya sufi ilipodorora, matajiri waligundua kwamba mabonde matupu yanafaa kuwindia ayala. Familia ya kifalme ilinunua Balmoral mwaka 1852, na kila mwenye fedha akataka nyumba ya uwindaji yenye pembe ukutani. Ndipo ilipozaliwa ile Uskoti ya kwenye mikebe ya biskuti. Msingi wake uliwekwa mapema kidogo, mwaka 1822, mwandishi Walter Scott alipompangia Mfalme George wa Nne ziara ya Edinburgh yenye miraba kila kona, hadi mfalme mwenyewe, na mwili wake mpana, akavishwa sketi. Vazi lililokuwa kosa la jinai kwa mkulima likawa pambo la kifalme. Mengi ya yale madai kwamba kila ukoo una miraba yake tangu enzi na enzi yalishika kasi baada ya sherehe hizo.

Mwisho ni mafuta. Kisima kikubwa cha Forties kiligunduliwa Bahari ya Kaskazini mwaka 1970, na tamthilia inapoanza kuzunguka, wageni wenye mikataba walikuwa wameshafika Aberdeen. Jamaa wa Texas anaingia jukwaani akiwa mchangamfu, fidla inamfuata. Hapo mtazamaji wa kijijini hahitaji kuambiwa: kondoo, ayala, mafuta, mgeni mpya, hesabu ile ile.

Na Kigaeli? Zimo nyimbo za Kigaeli, zikiimbwa na Dolina MacLennan, mzaliwa wa kisiwa cha Lewis. Yamo maneno ya Màiri Mhòr nan Òran, Mary Mkubwa wa Nyimbo, mshairi wa kisiwa cha Skye aliyefariki 1898, ambaye mashairi yake yaliwatia moyo wakulima waliogoma kulipa kodi na kupambana na polisi katika miaka ya 1880. Ugomvi ule ndio uliozaa sheria ya 1886 iliyowahakikishia wakulima wadogo vijishamba vyao. Katika ukumbi wa visiwani, wimbo huo unawafikia wazee moja kwa moja, na mgeni wa mjini ndiye anayebaki kutazama midomo. Kwa dakika tatu aliyezoea kutafsiriwa dunia yote anakuwa wa nyuma karibu na jenereta.

Chama cha SNP, kinachotaka Uskoti ijitawale, kiliialika tamthilia hii kwenye mkutano wake mjini Oban mwaka huo huo wa 1973. Walipiga makofi, lakini ujumbe waliopewa haukuwa wa kuwabembeleza: utaifa peke yake hautoshi, kwa sababu mwenye shamba anaweza kuwa Mskoti safi na bado akakufukuza. Ni hoja ambayo wanasiasa wa kila nchi huipigia makofi bila kuisikia.

Sitasema kazi hii haina kasoro. Inazibana karne mbili katika jioni moja, na wanahistoria wamelalamika kwamba viazi vilivyooza mwaka 1846, ongezeko la watu, na wale waliohama kwa hiari wanapata nafasi ndogo. Kuna jambo zito zaidi ambalo kizazi cha sasa kinalizungumzia kwa sauti: baadhi ya mashamba hayo yalinunuliwa kwa fedha za watumwa wa Karibi, na Wagaeli waliofukuzwa walikwenda kukalia ardhi za wenyeji wa Kanada. Hilo la pili tamthilia yenyewe inaligusa, tena kwa uchungu. Lile la kwanza ni deni la waandishi wa leo.

Afrika Mashariki ilikuwa na lake miaka hiyo hiyo. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji waliigiza kwa Gĩkũyũ tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuhusu ardhi na wenye kampuni. Serikali iliifungia, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Hapo utaona tofauti. Kikundi cha 7:84 nacho kilikuja kutangaziwa kunyimwa ruzuku, mwaka 1988, lakini kunyimwa ruzuku si kufungwa jela. Na si mbali na Limuru kuna mji uitwao Thogoto, jina ambalo ni neno "Scot" lililopita kinywani mwa Wakikuyu, kwa sababu wamisionari wa Kiskoti walijenga hapo.

Sketi inarudi, safari hii na bunduki

Nilisema ushike lile la askari kuruhusiwa sketi. Mwaka 2006 lilianzishwa Jumba la Taifa la Maonyesho la Uskoti, ambalo kwa makusudi halikujenga jumba: fedha ziliendea kazi za kuzunguka. Mwaka ule ule lilitoa *Black Watch* ya Gregory Burke, kuhusu askari wa kikosi cha kale cha Nyanda za Juu waliopelekwa Iraq mwaka 2004. Kikosi hicho kiliundwa karne ya 18 kuilinda serikali dhidi ya Wagaeli wenzao.

Tamthilia hiyo ilionyeshwa Edinburgh kwenye ukumbi wa zamani wa kwata. Watazamaji waliketi pande mbili wakitazamana, kama kwenye gwaride lile la kila Agosti pale ngome ya Edinburgh ambalo watalii hulikatia tiketi mapema. Zumari za mfuko zinalia, taa zinawaka, unajiandaa kwa sherehe. Halafu meza ya baa ya kuchezea pool inapasuliwa kutoka ndani, na askari wa Iraq wanachomoza. Meza ile ni kijiwe cha nyumbani na ni gari la kivita na ni jeneza, yote kwa wakati mmoja.

Kuna kipande kirefu ambapo askari mmoja anasimulia historia ya kikosi huku wenzake wakimnyanyua, wakimgeuza kichwa chini miguu juu, wakimvua na kumvisha sare za kila enzi juu ya zulia jekundu. Hakosi neno. Karibu miaka mia tatu ya fahari inapita juu ya mwili wa kijana mmoja ambaye hatembei kwa miguu yake mwenyewe. Na kati ya nyimbo za kikosi unaingia wimbo wa Kigaeli wa maombolezo, lugha ya mabibi wa mabibi zao ambayo wengi wa vijana wale hawakurithi.

Mwaka 2010 mwandishi David Greig aliipeleka mbali zaidi mbinu hiyo ya lugha isiyotafsiriwa. Katika *Dunsinane*, jeshi la Kiingereza limemng'oa Macbeth, yule mfalme wa Uskoti wa tamthilia ya Shakespeare, na sasa linashindwa kutawala nchi lisiyoielewa. Malkia Gruach na wanawake wake wanazungumza Kigaeli mbele ya wanajeshi, na mtazamaji wa London, ambako ilianza kuonyeshwa, alikaa upande wa wanajeshi bila kuchagua. Anaangalia nyuso, anakisia. Watu walifikiria Iraq na Afghanistan bila mtu yeyote kutaja Iraq wala Afghanistan.

Kondoo, Ayala na Mafuta nayo imefufuliwa. Kikundi cha maonyesho cha Dundee Rep kiliipandisha upya mwaka 2015, kikaizungusha mwaka uliofuata, na swali la nani anamiliki milima likawa halijapoa.

Ukitaka kuona jukwaa kubwa kuliko yote Sutherland, huhitaji tiketi. Juu ya kilima cha Ben Bhraggie, mjini Golspie, kuna sanamu ya yule mume wa Countess, urefu wake pamoja na nguzo ni kama mita 30, imesimamishwa miaka ya 1830. Maandishi yake yanasema imejengwa na wapangaji wake na marafiki, kwa kumbukumbu ya mtu aliyependwa. Wapo waliotaka ilipuliwe, wapo wanaotaka ibaki ili watoto waulize ni nani. Wenyeji wanaiita Mannie, neno la Kiskoti. Kwa Kiswahili ni kijimtu.